Mtani Aliyetolewa Nje

Ni mimi niliyesema kwamba Bi Dama ana wazimu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelikana jambo hilo, kwanza kwa kilio, baadaye kwa viapo, na tangu nipate shahada, kwa kubadilisha mazungumzo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwa jirani yetu hapo Tezo palinuka moshi wa kuni mbichi na mihogo ya kuchemsha, harufu ya matanga. Karisa, mwana wa pekee wa Mama Karisa na kijana wa ukoo wetu, alikuwa amechomwa kisu Marereni alikokuwa kibarua wa chumvi, katika ugomvi usiomhusu. Mwalimu Greta, Mzungu aliyemfundisha hesabu kabla hajaacha shule, alikuja kuhani amevaa soksi nyeusi katika joto lile. Nikawekwa kando yake niwe mkalimani, maana Kiingereza changu kilisifiwa kuliko kilivyostahili. Wenzangu walibanana kwenye mkeka mmoja wakigawana karanga. Sisi wawili tulipewa viti. Sijapata kukaa mbali na watu kama nilivyokaa kwenye kiti kile.

Mama Karisa alikuwa hajatia kitu kinywani kwa siku mbili. Ndipo akaingia Bi Dama, mtani wa ukoo wetu, ambaye kazi yake msibani ni kufanya mzaha mpaka mfiwa acheke, na akishacheka, ale. Alivaa shati la marehemu, akajitwika gunia tupu, akatembea kwa maringo yale yale ya Karisa. "Mama, chumvi imenishinda," akalalama. "Nimekuja kulala. Na huo uji kama huutaki nipe mimi, si wewe uliyenidekeza?" Wanawake wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Mdomo wa Mama Karisa ukatikisika.

"Yule mama ana nini?" Mwalimu aliniuliza, uso umemwiva.

Maneno ya kumweleza nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo. Nilituona sote kwa macho yake, nikatuonea haya. "Ana wazimu, Mwalimu."

Akainuka, akamshika Bi Dama mkono kwa upole mwingi, akamtoa nje, akakaa naye nyuma ya jiko akimpepea kwa leso mpaka jua likapinda. Hakuna aliyethubutu kumzuia mgeni. Uji ukapoa. Mama Karisa akageukia ukuta, na ilipita siku nyingine nzima kabla hajala.

"Nani kamwambia Mzungu nina kichaa?" Bi Dama aliuliza baadaye. Nilijibu kwamba labda Mwalimu alijionea mwenyewe.

Siku hizi naandika makala za kusifu mila zetu, na wasomaji hunishukuru. Tulipomzika mama yangu mwaka huu, Bi Dama hakufika. Miguu ilikuwa imemlaza. Siku ya tatu nilirudi kwangu Malindi nikisingizia kazi. Wenzangu wa kazini walikuja, wakanong'ona kwa adabu, wakaenda zao. Simu ilipolia, sahani yangu ilikuwa bado imefunikwa tangu jana yake.

"Umekula?"

"Bado. Shikamoo, Bi Dama."

"Marahaba. Basi teleka chai. Yule mwendawazimu wako miguu haimbebi, lakini kapakiwa kwenye bodaboda, yuko njiani, na leo usimwite Mzungu aje kumtoa nje."