Bizimu la Babu

Baada ya siku mbili ndani ya basi kutoka Juba, nilifika Ggaba, ufukweni mwa ziwa nilikokulia, nikamkuta mwanamume akipitisha mashine juu ya mchanga wenye baridi, akitafuta vyuma vya zamani vya jeshi. Nikacheka peke yangu.

Mahali hapo hapo, utotoni, nami nilitafuta chuma kwa sumaku ya redio mbovu. Nilikuwa nikisugua kwa mchanga bizimu la shaba la mkanda ambalo babu alilivaa vitani, na ambalo baba, askari wa kambi ya Makindye, angelivaa kwenye gwaride la kesho yake. Likaniponyoka majini. Niliamini kwamba askari asiye na bizimu hutiwa jela. Alasiri nzima niliburuta sumaku kwenye matope yaliyonuka samaki, nikaambulia misumari tu. Sikujua kuwa sumaku haivuti shaba.

“Wewe fundi, unajenga nyumba?” dada yangu Akello alinicheka. Akavua viatu, akapapasa matope kwa vidole vya miguu, akaliibua.

Baba alipohadithiwa, alicheka hadi akakohoa.

Siku nilipoondoka nyumbani moja kwa moja, alilivua kiunoni mwake akanivalisha mimi.

“Likipotea, mwanangu,” akasema, “tumia miguu.”