Gunia la Chumvi kwenye Kiti cha Mbele

Kasian alikuwa fundi umeme wa magari pale Katesh, mtu wa maneno machache. Kazi aliijulia kwenye karakana ya mashamba ya ngano, huko Basotu. Serikali ilipoanza kuachia mashamba, karakana ikafungwa, naye akarudi na bisibisi zake, akajenga kibanda kando ya barabara. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, magari yakaongezeka na Kasian akapata wateja.

Gari moja tu ndilo lililomharibia jina. Ilikuwa Land Rover ya zamani ya Mzee Gidahosh, mfugaji wa Gendabi, aliyeinunua mashambani kwenye mnada. Kila Kasian alipoitengeneza iliondoka ikinguruma, lakini haikuchukua muda ikagoma tena. Kutu ya kijani ilishakula vichwa vya betri pamoja na waya wa ethi, ule unaofunga betri kwenye chasisi.

"Kasian, umeme wako kama nyanya, unaoza njiani!" alimtania Godlisten, mziba pancha wa kibanda cha pili. Wateja walicheka. Kasian naye alicheka, ila baadhi yao hawakumletea magari tena.

Ndipo Gidahosh akatuma ujumbe: gari limezimika nyumbani, fundi aje. Likishindikana safari hii, litavutwa mpaka Babati kwa mafundi wengine. Kasian alijua kwamba siku Land Rover ile itakapopita mbele ya kibanda chake ikivutwa kwa kamba, afadhali arudi kulima kwao Masieda.

"Shikamoo, mzee," Kasian alisalimia alipofika Gendabi.

"Marahaba. Mgonjwa wako yule pale, amelala tena."

Kasian alifungua mlango wa abiria, kwa kuwa betri ya gari lile hukaa chini ya kiti. Juu ya kiti alikuta gunia la chumvi ya ng'ombe, bado bichi, limetoka ziwani Balangida. Maji yake yalikuwa yakipenya kwenye kiti na kudondokea betri. Kibandani mzee alikuwa akilishusha kabla ya kumwachia gari, naye hakuwahi kuliona.

Kumuuliza mzee ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kufungua injini.

"Mzee, nyuma kuna nafasi. Mbona gunia limekaa mbele?"

Gidahosh aliangalia zizi. "Hapo alikuwa anakaa mama yao. Chumvi tulikuwa tunaifuata wote wawili, yeye akinisema njia nzima. Tangu nimzike, nikigeuka nikakuta kiti kitupu, siwezi kuendesha."

"Na hapa nyumbani hakuna wa kukusindikiza?"

"Vijana wako machungani. Wamebaki wake zao. Wewe Mmbulu umeishi nasi wafugaji, mila zetu unazijua; umeona wapi mke wa mwanangu akae ubavuni mwangu? Basi nikaweka gunia. Na gunia, fundi, halinisemi."

Kasian alishusha gunia, akatoa betri, akaiosha kwa maji ya moto. Alikata waya wa ethi uliooza na kufunga mpya. Pale unaposhikia chasisi alipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati, akapaka grisi juu yake. Mzee alipowasha, gari liliitika mara moja.

Gidahosh aliinama achukue gunia alirudishe mahali pake. Kasian akamwahi, akalipeleka nyuma, kisha akaja kuketi mwenyewe kwenye kiti kile, magoti pamoja, kama mgeni kanisani.

"Unataka nikufikishe Katesh?"

"Hapana, mzee. Siku ukienda ziwani, nipitie. Nitakaa hapa."

Gidahosh alimtazama. "Wewe? Si utanyamaza mpaka tufike!"

"Nitajitahidi kuongea."

Tangu hapo, siku za chumvi kibanda kilifungwa, na Godlisten akapata jipya la kutangaza: fundi amekuwa utingo. Lakini Land Rover haikugoma tena, na walioiona ikipita wakarudi na magari yao. Ikabidi wakae kwenye benchi wamsubiri fundi arudi kutoka ziwani.