Dereva wa Skana

Hapa Mwakitolyo kila mashine hupumzishwa. Karasha likisaga mawe ya dhahabu mpaka injini inanuka kuungua, linazimwa, watu wanakaa kivulini, kisha linawashwa tena. Baba alisimamia makarasha kabla ya kufungua steshenari, kwa hiyo komputa ikigoma anaizima, anaifunika kitenge, halafu anaipepea kwa kifuniko cha ndoo. Ikiwashwa, nyepesi kama mpya. Utabishana vipi na mtu ambaye dawa yake inaponya?

Ila tatizo halikuwa joto. Nililigundua likizo, sina kazi nyingine. Ni dereva wa skana, programu ndogo inayoishi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuiongoza skana. Kila karatasi ikipita, anameza kipande cha kumbukumbu ya komputa na hakitapiki. Kumbukumbu ikiisha, kila kitu kinaganda. Komputa ikizimwa, anatapika vyote, baba anasifiwa. Mtandaoni walishaonya kwamba huo ni udhaifu mbaya: mtu yeyote anaweza kumlisha makusudi mpaka mashine ife. Dereva mpya yupo, ni wa bure.

Nikamwonyesha baba kwa mtindo wangu. Niliandika programu fupi ya kumlisha dereva mfululizo, nikatangaza, "Tazameni, nairoga." Ikaganda mbele ya wateja. Wakacheka, isipokuwa baba.

"Ni dereva wake mbovu, baba. Tumbadilishe."

"Dereva? Na konda wake yuko wapi?"

Wakacheka zaidi. Nikapigwa marufuku kugusa kibodi.

Ikafika siku ya mwisho ya maombi ya vyuo mtandaoni; dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi jioni. Dada yangu, aliyetaka uuguzi tangu darasa la tano, alikuwa na vyeti mkononi toka asubuhi. Lakini steshenari ilijaa vijana wenye vyeti vyao vya kuskani, na kwetu mgeni hutangulia.

"Ng'wana wane, mwanangu, ngoja hawa waishe," baba alimwambia. "Wewe ni wa hapahapa."

Wakipita vijana wachache, komputa inaganda. Kitenge. Kifuniko cha ndoo. Foleni inasubiri.

"Baba, niache niweke dereva mpya. Ni dakika chache tu."

Nilisema bila kutabasamu, na bado mteja mmoja alianza kucheka kabla sijamaliza.

"Leo sitaki mizaha," baba akasema.

Zamu ya dada ilipofika, iliganda tena. Ilipoamka, dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mwaka kesho upo," baba alisema, akikunja kitenge.

Sasa dada anakaanga mihogo kule kwenye makarasha. Juzi nilimpelekea mkaa, nikamweleza habari yote ya dereva, taratibu, nikitaka angalau mtu mmoja anielewe. Alisikiliza huku akigeuza mihogo.

"Mimi nakuamini," alisema. "Ila komputa si yangu."

Kisha akanipa dumu nikachote maji.