Robo Saa Sebuleni kwa Daktari

Walimwita Taratibu, maana ndilo neno alilowapa wafiwa: kula taratibu, lia taratibu, nguo za marehemu usizigawe leo. Kazi yake ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwauguza watu ambao hospitali imeshawarudisha kwao, na kuwafundisha ndugu namna ya kumgeuza mgonjwa asiote vidonda na kumlowanisha midomo iliyokauka.

Miaka kumi na tisa alikuwa na kinyongo na daktari mmoja. Mama yake Taratibu alipougua saratani ya mifupa, daktari huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi, na alikataa kumwandikia mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. "Mnataka mama yenu afe mlevi?" alisema, akafunga faili. Mama alilia kwa maumivu siku kumi na moja. Ya kumi na mbili akanyamaza. Taratibu, wakati huo muuza vitambaa, akaacha duka akaenda kusomea uuguzi. Watu wakasema ana wito.

"Wito gani," alimwambia dada yake. "Mimi nangoja."

Basi siku moja jina la daktari likaja kwenye orodha ya wagonjwa wa nyumbani. Taratibu akaomba apewe yeye.

Alimkuta sebuleni, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha, ameuma ncha ya shuka. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa amepiga magoti anamshika miguu.

"Dada, saa ya dawa imefika. Naogopa kukosea kipimo."

Taratibu aliitoa chupa ya mofini mkobani, akaiweka mezani, mahali mgonjwa angeiona. Akavuta kiti.

"Unanikumbuka, daktari?"

Hakumkumbuka. Akamkumbusha, bila haraka: ile wodi, lile faili, yale maneno. Jasho lilimtiririka yule mzee, na Taratibu akasikia raha, kama mtu anayekunwa mahali palipomwasha miaka mingi. Robo saa ikapita hivyo.

"Kama ni yeye aliyekukosea," binti alisema, "mimi unaniadhibia nini? Mimi ndiye ninayemsikia."

Hapo Taratibu akavuta dawa kwa bomba la sindano, akamtilia mzee mdomoni.

Tangu siku hiyo hakuchelewesha dawa tena. Lakini kila alipokuja, dawa ikishatulia, alimsimulia daktari siku moja katika zile kumi na moja za mama yake. Ya tatu, ya nne, ya tano. Walipofika ya kumi na moja, mzee akauliza, "Kisha?"

"Kisha akanyamaza."

"Nilikosea," daktari alisema.

"Najua." Akamwekea mto sawa, akafunga mkoba.

Daktari alikufa juma lililofuata, amelala, mkono wake umo mkononi mwa binti. Taratibu alimwosha uso mwenyewe. Kisha akaenda kwa dada yake, na kwa mara ya kwanza akalia.

"Amekufa vizuri kuliko mama," alisema. "Na kifo hicho nimempa mimi."

Fundi cherehani alikwenda kumshtaki kwa wakubwa wake kwa ile robo saa. Taratibu alipoitwa hakukana. Akasimamishwa kazi miezi mitatu, akaitumikia, akarudi kwa wagonjwa wake. Ukimuuliza leo, anasema anajuta, lakini kwa ajili ya yule binti tu.