Dakika Arobaini na Moja za Kusubiri Seva Iwake

Saa nne asubuhi, Jumapili. Vasundhara Kondapalli amesimama mbele ya seva ya hospitali moja jijini Hyderabad, simu mkononi, akihesabu sekunde. Ameizima kwa kibali, ameiwasha tena. Dakika sita zinapita, skrini inaomba nywila.

"Sita," anasema bila kutabasamu. "Mwaka jana zilikuwa arobaini na moja. Na wakubwa walijua."

Seva hiyo, kompyuta kuu yenye kumbukumbu kubwa kupindukia, hubeba taarifa za wagonjwa wote. Kila ilipowashwa, mfumo wake ulisajili kwanza kumbukumbu yote, vipande bilioni tatu, kimoja kimoja. Prosesa moja, ubongo wa kompyuta, ilihenyeka. Nyingine mia mbili zilikaa bure.

Vasundhara, 34, fundi wa mkataba, aliligundua hilo na kumwandikia mkuu wake, Raghunandan: kazi igawanywe kwa prosesa zote, na sehemu kubwa isajiliwe watu wakiwa wameshaanza kuitumia seva.

"Akaniambia, 'Dada, wewe tumekuajiri ubadilishe diski. Seva inazimwa mara mbili kwa mwaka, nani atakufa?'"

Mwezi Juni mwaka jana, mchana, umeme ulikatika na betri za akiba zikagoma. Seva ikazimika, na kwa dakika arobaini na moja benki ya damu ikashindwa kusoma kundi la damu la mgonjwa yeyote.

Kwenye dirisha la benki hiyo alisimama mzee Narsaiah, fundi cherehani. Mkewe alikuwa chumba cha upasuaji.

"Kila nikiuliza naambiwa kompyuta bado inawaka," anasimulia. "Nikamwambia yule binti wa dirishani, mwanangu, kompyuta gani hiyo inajivuta hivi na mke wangu anavuja damu?"

Mkewe alinusurika, lakini figo zilishaharibika. Sasa husafishwa damu mara mbili kwa wiki.

Wiki moja baada ya tukio hilo Vasundhara akaruhusiwa kuurekebisha mfumo. Kazi ilimchukua siku tisa tu. Cheti cha ubunifu akapewa Raghunandan, ambaye hakutaka kuzungumza na mwandishi.

"Cheti akae nacho," Vasundhara anasema. "Mimi linaloniuma ni ile miezi saba barua yangu ilivyolala mezani kwake. Yule mama alikuwa mzima miezi yote hiyo."

Mkataba wake unaisha mwezi ujao na ameshaambiwa hautaongezwa. Marekebisho yake ameyaweka mtandaoni, hospitali yoyote iyachukue bure, na nyumbani ameanza kuzipunguza zile dakika sita zaidi.

"Nataka zifike mbili," anasema. "Wakinifukuza, nitazifikisha nikiwa nje."