Usingizi wa Majaribio Ndani ya Gari la Mikate

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa walimwita Mikate, rika lake walimwita Mikate, na watoto waliofunzwa adabu walimwita Babu Mikate. Hata mkewe, siku akimkasirikia, alimwita hivyo hivyo. Na angeitwaje vingine, mtu ambaye maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la kiwanda cha mikate, akitoka nyumbani mji mzima unakoroma, na kurudi wakati wenzake ndio kwanza wanaanza kufikiria chakula cha mchana?

Basi kiwanda kikanunua magari mapya na kuyakabidhi kwa vijana wanaosoma ramani kwenye simu. Mikate akastaafishwa, akapewa mkono wa kwaheri, na kwa kuwa gari lake lilikuwa limechoka kuliko yeye, akaambiwa aondoke nalo. Mwingine angeliuza vyuma chakavu jioni ile ile. Yeye alilirudisha uani kinyumenyume, milango ya nyuma ikitazama jiko, kama alivyoegesha mbele ya kila duka miaka nenda rudi. Kisha akaingia ndani akiwa amevimba kichwa kidogo.

"Mama watoto," akasema, "likizo yako ikifika, tunaifuata barabara ya pwani mpaka iishe. Tutalala ufukweni, humo garini."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na wakati huo alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kipande cha sponji, akamtazama mumewe juu ya miwani.

"Haya," akasema.

Sasa, "haya" ya mwanamke yule haikuwa ya kukimbilia. Kulikuwa na haya ya nimekubali, haya ya niondokee hapa, na haya ya tutaona. Hii ilikuwa ya tutaona.

Mikate hakungoja kuona. Alilivalia njuga gari lile. Rafu za kreti alizikata akaziunganisha zikawa kitanda. Godoro alilipunguza kwa kisu cha mkate, kwa sababu ndicho alichokizoea mkononi. Akafunga pipa la maji lenye bomba, jiko dogo la gesi, ndoano ya kutundikia kofia, na kijisanduku cha kuwekea miwani ya mkewe karibu kabisa na mto. Paa alilitoboa tundu la hewa, akalifunika kwa wavu. Aliosha sakafu kwa sabuni, akarudia, akarudia tena, lakini harufu ya mkate haikutoka, na chembe za mkate zilizojificha kwenye maungio ya mabati ziliendelea kudondoka kila gari lilipotikiswa. Kuku wa jirani waligundua siri hiyo mapema. Kila alasiri walikuja kuchakura chini ya gari, na kila jioni jirani, ambaye mtaa ulimwita Mama Kuku, alikuja kuwaswaga warudi bandani.

"Shemeji," Mama Kuku alimwambia siku moja, "mtu mzima na nyumba yako, unaenda kulala ndani ya kabati?"

"Kabati gani lina bahari mlangoni?" Mikate akajibu, akaendelea kupiga randa ubao wake.

Ubao wenyewe aliupangia kazi. Ulikuwa wa kutanguliza chini ya matairi kama mchanga ungekuwa laini, maana alikuwa amewauliza madereva wa malori ya samaki, na hao walimpa darasa kamili. Walimwambia ufukwe upi una mchanga mgumu unaobeba gari, na upi utakumeza mpaka ekseli. Walimwambia wapi maji yakijaa hufika kwenye mizizi ya mivinje, kwa hiyo ukilala chini ya kivuli utaamka ukiogelea, na wapi inabidi kwanza upite kwa wenyeji, usalimie, ueleze shida yako, ndipo utandike mkeka. Mikate aliyatia yote kwenye ramani kubwa aliyoitandaza mezani, pembe zake zikishikiliwa na kopo la sukari, pasi, na viatu vyake viwili. Mkewe alivumilia pasi na kopo. Viatu aliviondoa.

Siku aliyomsomea mpango mzima, mama watoto alikuwa akikata vitambaa. Mikate alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza habari njema. Kuondoka gizani, kabla ya majogoo. Ufukwe wa kwanza, kushuka, kuona bahari, kupanda. Ufukwe wa pili, kushuka, chai, kupanda. Ufukwe wa tatu kabla jua halijachoma.

Mkasi ukasimama. "Baba watoto, mimi ni mkeo au kreti?"

"Kwa nini?"

"Maana unanisambaza. Bahari itachacha tukichelewa?"

Mikate akacheka, lakini cheko halikufika mbali, kwani mkewe hakucheka. Alikunja kitambaa chake, akasema kwa utulivu kwamba dada yake amemwalika likizo yote, na kwamba kwa dada yake kuna kitanda kipana na hakuna ratiba. Halafu, labda kwa kumwonea huruma, akatoa sharti. Jumapili mchana ataingia kwenye gari lile na kujaribu kulala. Akipata usingizi, pwani wanaenda. Akikosa, kila mtu na njia yake, na gari wapewe kuku moja kwa moja.

Wiki ile Mikate hakukaa chini. Na nikuambie kilichokuwa kikimtia kiwewe, kwa sababu mwenyewe hakumwambia mtu. Hakuwa mpenzi wa bahari kihivyo. Kuogelea hajui, na samaki wana miiba. Alichokuwa akikitaka ni kitu kidogo mpaka aliona aibu kukitamka. Alitaka kuamka, jua limeshatoka, amkute mkewe pale ubavuni.

Katika ndoa yao yote hilo halijatokea. Yeye alikuwa akienda kulala kungali na mwanga, mkewe akiwa bado kwenye cherehani. Mke akija kitandani, mume karibu anatoka. Walilea watoto, wakajenga nyumba, wakasuluhisha ugomvi wa ukoo, yote hayo wakipokezana kitanda kama walinzi wa zamu. Alidhani akistaafu mambo yatabadilika. Wapi! Mwili ulikuwa umeshazoea. Usiku wa manane macho yanamtoka pima, miguu inashuka yenyewe, na ili asimwamshe mwenzake anatoka uani kunong'ona na misumari yake. Alikata shauri kwamba dawa ni kwenda mahali ambako hakuna duka, hakuna kreti, hakuna wa kupelekewa kitu. Huko labda miguu ingekosa pa kwenda.

Jumapili ikafika. Mke alitundika mapazia aliyoyashona kwa mabaki ya sare, ya bluu na ya miraba, akapanda garini amevaa kanga yake ya kulalia kama mtu anayechukulia sharti lake kwa uzito. Mikate aliacha simu mbele kwa dereva, ikicheza redio kwa sauti ya chini ili kuleta hali ya safari. Kisha akapanda nyuma, mikono yake miwili imeshika mito, na kwa kisigino akausukuma mlango nyuma yake.

Komeo likalia, kling.

Alikuwa akiupenda mlio ule. Ndio ulikuwa ufundi wa gari lile. Dereva akishateremsha kreti, mikono imejaa, anapiga mlango kisigino na komeo la nje linaanguka lenyewe. Maelfu ya mara alikuwa ameusikia mlio huo akiwa nje. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kuusikia akiwa ndani. Akaitupa mito, akausukuma mlango kwa viganja.

"Mama watoto."

"Mm."

"Huu mlango haufunguki kwa ndani."

Mkewe alikuwa ameshalaza kichwa. Akakiinua. "Kwa nini haufunguki?"

"Haujawekwa kitasa. Mkate haujawahi kutaka kutoka."

Mkewe akalitazama komeo lisiloonekana, akautazama ukuta wa chuma uliowatenga na kiti cha dereva, ambako redio ilikuwa ikiimba bila wasiwasi wowote. Akaitazama ndoano ya kofia. Akakitazama kijisanduku cha miwani.

"Miwani umeikumbuka," akasema. "Kofia umeikumbuka. Mlango hukuukumbuka."

Mikate alijaribu uma, akajaribu kisu, akajaribu bega. Uma ulipinda, bega likauma. Akasimama juu ya pipa la maji, akaweka mdomo kwenye tundu la paa na kuita, "Jirani! Mama Kuku!" Mama Kuku alikuwa amekwenda kutembelea wagonjwa, na waliomjibu ni kuku wenyewe, chini ya sakafu.

"Shuka hapo utaanguka," mkewe akasema. "Mama Kuku atakuja kuwachukua kuku wake jioni, kama kawaida. Hewa ipo, maji yapo. Njoo ukae."

Akashuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamemlegea. Uso ulikuwa umemshuka kiasi kwamba mkewe, aliyekuwa anajiandaa kumsema, aliyameza maneno yake.

"Basi nenda kwa dada," Mikate akasema. "Nimeharibu mwenyewe. Mtu gani anajenga nyumba isiyo na mlango?"

"Nani amekwambia nakwenda kwa dada kwa sababu ya mlango?"

"Kwa sababu ya ratiba, basi."

"Wala si ratiba." Alivuta pazia, akalikunja kunja vidoleni, akalinyoosha tena. "Mimi najua kitakachotokea. Utanipeleka mpaka huko mbali, kuzuri, na alfajiri nitaamka peke yangu. Wewe utakuwa nje, unapanga mawe, unapima upepo wa matairi. Kuamka peke yangu naweza hata hapa, baba watoto. Nimeshaamka peke yangu vya kutosha. Sina haja ya kusafirishwa nikaamkie peke yangu baharini."

Mikate alikuwa hodari wa kuongea na wenye maduka, lakini kwa mambo ya moyoni alikuwa domo zege tangu ujana, na mkewe aliwahi kusema kwamba huyu aliposa kwa kukohoa.

"Ndicho ninachoendea," akasema.

"Nini?"

"Hicho hicho. Kuamka nikukute." Alikuwa akiitazama sakafu. "Bahari mimi sina shida nayo. Nilitaka tu siku moja niamke kumekucha, na wewe upo."

Kule mbele redio ikawa inatoa habari za hali ya hewa. Mkewe alimtazama, halafu akaanza kutikisika, na Mikate akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka gari likatikisika, chembe za mkate zikadondoka, na kuku kule chini wakagombana.

"Na hukusema," akasema akifuta macho. "Umetoboa paa, umekata godoro, umewasumbua madereva wa samaki. Neno moja tu ulishindwa."

"Nililiona dogo."

"Sogea huko ulale, Mikate."

Walilala chali, bega kwa bega, kwa sababu kitanda cha rafu za kreti hakikuruhusu vinginevyo. Mke alimwambia mumewe mkono wake unambana. Akauhamisha. Akamwambia sasa ndio unabana zaidi, urudishe. Akaurudisha. Waliongea kidogo juu ya mtoto wao wa mwisho, kidogo juu ya bomba la jikoni, na sentensi iliyofuata hakuna aliyeimaliza.

Mikate alipofumbua macho, mwanga wa tundu la paa ulikuwa umehama, umekaa ukutani, mwekundu kidogo. Miguu yake, kwa mazoea, ilishuka kitandani kutafuta viatu. Ikagusa mlango. Ikakumbuka. Ikarudi.

Akageuza kichwa. Mkewe alikuwepo. Alikuwa amelala mdomo wazi, mikunjo ya mto imemchora shavuni, ngumi moja imeshika shati la mumewe kama mtu anayeshikilia nguo isipeperushwe. Na alikuwa anakoroma. Mikate hakuwahi kujua kwamba mkewe anakoroma. Watoto wote wamezaliwa na kukua, yeye hana habari. Mkono wake uliokuwa chini ya shingo ya mwenzake ulikuwa umekufa ganzi kabisa, na aliuacha ufe.

Nje sauti ikasikika. "Haya, haya, bandani, nyie msioshiba."

Ni Mama Kuku. Neno moja tu lingetosha, hata kukohoa kungetosha. Mikate alinyamaza kimya, akazuia na pumzi.

Lakini redio ilimsaliti. Nyayo zikasogea, zikazunguka gari, zikasimama. Komeo likainuliwa, mlango ukafunguka, mwanga wa jioni ukamwagika ndani na kuku wawili wakapanda bila kukaribishwa.

"Jamani," Mama Kuku akasema, mkono kifuani. "Shemeji, nani kawafungia?"

Kabla Mikate hajajibu, mkewe aliongea, macho yake yakiwa bado yamefumba.

"Jirani, hujambo. Toa hao kuku, halafu turudishie mlango."

"Na komeo?"

"Na komeo. Utatufungulia ukishamaliza bandani."

Mama Kuku alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akawakusanya kuku wake, akashuka, na komeo likalia, kling. Walimsikia akienda zake, akiwasimulia kuku habari ile.

Mikate alingoja. Alijua kwamba kesho asubuhi angetafuta kitasa, na kwamba ile ramani ilihitaji kufutwa sehemu kubwa. Lakini kuna jambo lililomkaa kooni, na safari hii hakuliacha likae.

"Kwa hiyo pwani tunaenda?" akanong'ona.

"Tunaenda," mkewe akasema, na ngumi yake ikakaza shati. "Ila ukiniamsha tena, siendi."

Mikate akatulia tuli.