Nilivyokwenda Kumuulizia Mvunaji wa Kangaruu

Safari hii ilianzia Hail, mtaa wetu wa Maskati, sebuleni kwa mama yangu, siku Thuweiba alipotuonyesha kwenye simu picha ya mwanamume anayetaka kumwoa. Thuweiba ni binti wa kaka yangu, daktari wa mifugo hapa Maskati, na udaktari huo aliusomea Australia. Kijana wa kwenye picha alikuwa na uso mzuri na kofia pana. Nyuma yake palikuwa na pikapu, na kwenye pikapu walining'inia kangaruu waliokufa, wamefungwa miguu, mmoja baada ya mwingine.

"Hukupata picha nyingine?" nikamnong'oneza.

"Nimemwambia anitumie akiwa kazini, shangazi. Sitaki kuficha kitu."

Mama alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Ndo kazi yake hii?"

"Ndiyo, bibi. Nasoro ana leseni ya serikali. Anavuna kangaruu wa porini."

"Na hawa si ndo wale wenye watoto mfukoni?" Mama alivua miwani. "Mtu anayempiga risasi mama na mwanawe mfukoni, mke atamfanya nini? Na we unataka uhamie huko huko kwake?"

Thuweiba alikwenda jikoni, tukasikia bomba la maji likifunguliwa na kuachwa wazi, na mtu anayeosha vikombe haoshi hivyo.

Kwa sheria, walii wa Thuweiba, yaani mwenye idhini ya kumwoza, ni kaka yangu, lakini kaka yangu hajapata kuamua jambo mama akiwa macho. Na kwetu sisi mchumba huulizwa kwanza. Haulizwi mwenyewe, maana mwenyewe atasema nini zaidi ya kujisifu? Huulizwa majirani zake: anaswali? Ana hasira? Ni mkweli? Mchumba akiwa wa Seeb, hapa jirani, kazi hiyo huanza baada ya alasiri na magharibi haijaadhiniwa imekwisha. Kumuulizia huyu wa Australia kulihitaji viza. Mama alinichagua mimi kwa sababu nimestaafu ualimu wa sayansi, na kwa sababu nyingine aliyoitaja mbele ya watu wote. "We huchoki kuuliza wala huchoki kueleza," alisema. "Nenda kawachoshe wao."

Kwenye uwanja wa ndege wa Maskati, mama alinitilia mkobani pakiti ya kahwa na boksi la halwa. "Mpe jirani kwanza, kinywa kiwe kitamu, ndo uulize," akaniusia. "Na yule kijana asiwepo."

Tulipotua Australia, afisa wa ukaguzi aliifungua halwa, akanusa zafarani na hiliki, akaniuliza kwa adabu kama ni sabuni. Nilimkatia kipande. Alikula, akafikiri kidogo, akanifungia boksi kwa mikono miwili kama mtu anayefunika mtoto.

Kutoka hapo nilipanda ndege ndogo mpaka mji mmoja wa bara ambao uwanja wake una kibanda kimoja na mbwa mmoja. Nasoro alikuwa amesimama karibu na mbwa, ameshika kofia kifuani.

"Shikamoo, mama. Pole kwa safari."

"Marahaba, mwanangu."

Alizaliwa Tanga, akaletwa huku na mama yake akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mama yake kabisa. Alipozungumzia hali ya hewa, ungedhani namsikiliza mwanamke wa makamo aliyeketi barazani.

Njiani, udongo ulikuwa mwekundu na ardhi sawa kama meza. Nilitazama kulia na kushoto nikitafuta majirani. Hapakuwa na mtu. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, kwani nilikuja kuuliza watu na nchi yenyewe haina watu.

"Jirani yako ni nani?" nikauliza kama mtu asiye na haja.

"Mzee Keith, mwenye kondoo. Yupo karibu sana, mama. Nikitoka asubuhi, nakunywa chai ya saa nne kwake."

Jua lilipoanza kushuka, niliwaona. Kwanza nilidhani ni vichaka. Kisha vichaka vikainua masikio. Walikuwa wamejaa mpaka upeo wa macho, wakila majani kwa utulivu, na baadhi wakijikuna tumbo kama wazee waliotoka kuoga.

Nasoro alizima gari, akanieleza, nami naeleza hapa nilivyoelewa. Wafugaji walichimba visima kwa ajili ya kondoo wao, na kangaruu nao wakapata maji. Mvua ikinyesha vizuri huzaliana mno. Ukija ukame, majani huisha, na wao hufa kwa njaa wameegemea nyua, kifo cha polepole kisichomfaa mtu yeyote. Kwa hiyo serikali huwahesabu kutoka kwenye ndege ndogo, ikapanga ni wangapi wanaoweza kuvunwa mwaka huo bila kundi kupungukiwa. Mvunaji hupewa vibandiko, kila mnyama na kibandiko chake. Vibandiko vikiisha, kazi imekwisha, hata kangaruu wakija kulala mlangoni.

Mkulima wa Oman hatashangaa, maana ni kama falaji, mfereji wa maji wa kijiji. Maji yanapita mbele ya shamba lako na ni mengi, lakini unafungua kwa zamu yako na unafunga zamu ikiisha. Ukizidisha leo, kesho mfereji mzima unakauka, na wewe ndani yake.

Usiku Nasoro aliniacha nyumbani kwake akaenda kuvuna; alfajiri alirudi, nikamfuata kwenye chumba cha baridi anakotundika nyama. Nilivaa miwani, nikakagua kama ninavyosahihisha mitihani. Kila mmoja alikuwa na kibandiko, na tundu moja tu kichwani.

"Lazima iwe risasi moja, mama. Tunafanyiwa mtihani wa shabaha kabla ya leseni, mnyama asiteseke."

"Mbona wote madume?"

"Jike anaweza kuwa na mtoto mfukoni. Mimi namwacha."

Moyo wangu ulitulia, lakini mwenyewe kusema si ushahidi. Nikamwomba anipeleke kwa jirani.

Saa nne, kama alivyosema, tulifika kwa Mzee Keith. Nasoro aliniacha akaenda kutazama pampu ya maji. Mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na nywele zake amezilaza kwa maji. Nilimmiminia kahwa niliyoichemsha alfajiri, nikamfungulia halwa, nikaanza kwa Kiingereza.

"Huyu kijana ana hasira?"

"Hana kabisa!" alisema haraka. "Asipopata shabaha nzuri hafyatui. Anarudi mikono mitupu, anapiga mluzi."

"Ni mkweli?"

"Kupita kiasi. Mwaka jana vibandiko vilimwishia na kundi zima limo kwenye majani yangu. Nikamsihi, ongeza wawili tu, nani atajua? Akanikatalia, mama, shambani kwangu mwenyewe!"

"Anaswali?"

Hapo alikuna kidevu. "Kabla ya kila risasi ananong'ona. Nilimuuliza, akasema anataja jina la Mungu. Kwa hiyo nyama yenu haina wasiwasi. Mtachukua nyingi?"

"Nyama gani?"

"Wewe si mnunuzi kutoka Ghuba?"

"Mimi ni shangazi wa msichana anayetaka kumwoa."

Mzee Keith alikiweka kikombe chini polepole. Alitazama dirishani, kwenye majani yake, na kangaruu waliokuwa wamelala kivulini wakiisubiri jioni.

"Mtamchukua Maskati?" akauliza. Kabla sijajibu, akaendelea: "Basi nikwambie ukweli. Anakoroma. Nimelala naye kambini, mbwa wangu alihama. Maharage anaunguza. Na akiimba, kondoo wanaacha kula. Usingempa hata mbuzi, achilia mbali msichana wa watu."

Nilimwacha amalize, akamaliza kwa shida, kwa kuwa kila aibu ilimkumbusha nyingine. Kisha nikasema, "Msichana ndiye atakayehamia huku. Ni daktari wa mifugo."

Mzee alikichukua tena kikombe.

"Wa kondoo pia?"

"Mbuzi na kondoo ndio kazi yake ya kila siku."

Alivuta boksi la halwa karibu yake. "Kule kukoroma," alisema, "yalikuwa mafua tu. Siku ile palikuwa na vumbi."

Nilirudi Maskati nikiwa nimechoka na nimefurahi. Sebule ya Hail ilikuwa imejaa. Thuweiba alikaa karibu na mlango, amekunja leso mkononi mpaka imekuwa kama kamba. Nilianza na ndege za kuhesabia, nikaingia kwenye vibandiko na mfano wa falaji.

"Falaji naijua," mama alinikata. "Wale wenye watoto?"

"Hawapigi, mama. Nimekagua kwa macho yangu, madume matupu. Na bismillahi haimtoki mdomoni."

"Jirani kasemaje?"

Nikamweleza yote kwa mpangilio: sifa za mwanzo, kisha matusi, mbwa aliyehama, maharage, kondoo, na mwisho yale mafua. Kaka yangu aliinamisha kichwa. Mama alianza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akaomba kitambaa cha kufuta macho.

"Angekuwa mtu mbaya," alisema, "huyo mzungu angemfungia mizigo yake, akakwambia mchukue leo leo. Thuweiba! Mwambie aje apose. Na jirani yake aje naye, tumkalishe mbele."

Thuweiba alilia na kucheka pamoja. Mimi nilikuwa nimekwenda kutazama anachokiua yule kijana, na nikarudi na habari za anachokiacha: jike mwenye mtoto, risasi isiyo na uhakika, kangaruu wa ziada ambao hakuna ambaye angewajua. Nilitaka kuwaeleza hayo vizuri, kwa mifano, lakini vigelegele vilikuwa vimeanza.

Mama alinivuta mkono.

"N'kuulize. Hayo mafua, yamepona?"

"Sikuuliza, mama."

"Mwalimu mzima!" akasema, akampigia simu Nasoro mwenyewe.